Mafungu Thelathini na Moja

Chumba cha Kadi, 3 Februari

Dada Miwani,

Shikamoo dada. Mama yako anaendeleaje na mguu? Usinijibu "hajambo" halafu ukanyamaza, nakujua. Nataka kusikia plasta itatolewa lini, analala vizuri au halali, na kama bado anakugombeza kwa kutembea huku unasoma. Ningekupigia simu, lakini ya ofisini bado imefungwa kufuli tangu mpiga chapa alipozungumza na mchumba wake saa nzima, na huko kwenu najua hata ya kuazima hakuna. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani, na kwa kazi hii tunayofanya nadhani tumestahili.

Habari kubwa ni kwamba Mhariri amenihamishia kwenye kiti chako. Usinune! Nilikataa mara mbili. Alisema meza ya dirishani haiwezi kukaa tupu wiki tatu wakati kadi elfu arobaini za maneno ya kamusi zinasubiri kupangwa, na kwamba mimi kule kwenye pembe ya kabati napoteza macho. Kwa hiyo nimekaa. Mto wako wa kukalia nimeuweka juu ya kabati, sijaugusa. Mhuri wako namba tatu upo kwenye droo yako palepale.

Jana nilimaliza kadi za yule mchangiaji wetu Mkunga, droo mbili nzima, kila moja nikaigonga mhuri wangu nyuma ijulikane nani kaipanga, kama ulivyonifundisha. Mhariri akaja akasimama nyuma yangu. Unajua anavyosimama, anapumua tu, mpaka mtu unaanza kutubu dhambi ambazo hukutenda. Kumbe anataka kusema, "Mkono wako mwepesi." Dada, nusura nianguke! Nikamwambia nimefundishwa na wewe. Akauliza tena utarudi lini. Nikasema mama akisimama.

Rudi basi. Chumba kimepooza, hakuna wa kunipigia kelele ninyamaze.

Mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani, 11 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Mama hajambo. Haya, nimekusikia: plasta itatolewa mwisho wa mwezi, usiku analala, mchana anagomba. Ananiambia sijui kukunja shuka. Nina umri huu, nimepanga maneno ya watu waliokufa kabla bibi yangu hajazaliwa, halafu nisijue kukunja shuka.

Kiti umekaa, kaa. Ila dirisha lile lisifunguliwe asubuhi, upepo hupeperusha kadi, na mimi sitakuwepo kuziokota chini ya makabati. Mto wangu usiuweke juu ya kabati, panya. Na usizoee kugonga mihuri mbiombio ili watu waone mkono mwepesi. Kamusi yetu si ya kumwambia mtu maana ya neno tu, hizo zipo tele. Hii ni ya historia. Inamwambia neno lilianza kuandikwa mwaka gani, lilikuwa na maana gani, likageuka lini. Mwaka ndio roho ya kadi. Kadi isiyo na mwaka ni karatasi ya kufungia karanga.

"Mkono wako mwepesi." Haya, hongera. Mimi nimekaa kwenye chumba hicho miaka miwili. Nilikikuta na maji ya mvua sakafuni, kadi zimegandana kama mikate, nikazianika moja moja kwenye kamba za nguo. Mhariri hajawahi kuniambia hata "asante kwa kamba." Wewe una miezi mitano, na mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuingiza. Nakutania. Lakini si kwa asilimia mia.

Kama anauliza nitarudi lini, nadhani anataka kujua lini aache kunihesabu. Mwambie nipo.

Mama ameisoma barua yako kabla yangu. Amecheka mpaka mguu ukamuuma. Anasema nikualike, anasema wewe una maneno ya kumchangamsha mgonjwa. Sijui mimi nina maneno gani.

Dada yako,
Miwani


Chumba cha Kadi, 20 Februari

Dada yangu,

Panya wameshindwa, mto upo kwenye droo yangu kwa kufuli. Dirisha silifungui. Nimekuwa mtoto mzuri. Na barua ndogo iliyomo ndani ni ya mama, nimemwandikia kwa herufi kubwa asihitaji kukuazima miwani. Usiisome, ni siri zetu.

Sasa kaa chini nikupashe. Jumatatu Mhariri alituita sote sita tuliopo akatangaza kwamba masomo yakiisha mwezi wa sita, mmoja wetu atabaki hapa kama msaidizi wake. Mmoja tu. Atakuwa na chumba chake, na jina lake litaandikwa kwenye dibaji ya kamusi, baada ya la Mhariri mwenyewe. Makubwa! Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ya hicho kiti, nikaona aibu mpaka masikio. Nikawaambia palepale, jamani mbona mnanitazama, nafasi ni ya Dada Miwani. Mhariri akavua miwani yake akaifuta, akavaa, akatoka. Unamjua, huwezi kumsoma.

Halafu juzi kamati ya kamusi ilipokuja, akanichukua mimi kwenda kuwaeleza jinsi tunavyopanga. Nikatia chumvi kidogo, wakacheka, mambo yakaenda. Mkuu wa kamati aliniuliza wazo la kuanika kadi kwenye kamba lilitoka kwa nani. Nikasema ni letu sote, maana niliogopa kutaja mtu ambaye hayupo. Natumaini nilifanya sawa.

Sasa la kazi. Kazi inayofuata ni kadi za Karani wa Posta. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akinakili sentensi kutoka kwenye barua zilizokosa wenyewe pale posta kwake, akazituma hapa miaka hiyo. Ni mafungu thelathini na moja. Kila fungu limefungwa ukanda wa karatasi wenye namba tu, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba kadi zake hazina mwaka! Wenzake wote waliandika mwaka pembeni, yeye hakuandika hata kwenye moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukipitia majalada ya barua za wachangiaji siku zile za mwisho. Kuna lolote la kujua kabla sijafungua? Kama hakuna, nitavunja mafungu yote, nichanganye, nipange kwa alfabeti kama tulivyofanya kwa wengine.

Nasubiri neno lako. Sitagusa mpaka unijibu.

Chiriku


Nyumbani, 27 Februari

Chiriku,

Usifungue. Tafadhali usifungue fungu hata moja.

Jibu nililikuta kwenye jalada lake siku mbili kabla sijaondoka. Barua fupi ya penseli. Anasema hakuona haja ya kuandika mwaka kwenye kila kadi wakati kila fungu ni mwaka mmoja: fungu la kwanza ni barua za mwaka alioajiriwa posta, na mwaka wenyewe ameutaja, la pili ni la mwaka uliofuata, hivyo hivyo mpaka alipostaafu. Zile namba kwenye mikanda ndiyo miaka. Ukivunja fungu, mwaka umepotea, na hakuna mahali pengine ulipoandikwa.

Sikumwambia Mhariri. Nilitaka nirudi nimkalie mbele nimwambie, nione uso wake. Ni kitu changu, nilikipata mwenyewe. Miaka miwili nasubiri kitu kimoja cha kumfanya anitazame mara mbili, halafu nikakipata, halafu mama akateleza bafuni.

Na sasa nikikuandikia haya, wewe utatoka hapo na miguu yako myepesi na huo mdomo wako, utamwambia Mhariri, naye atasema nini? "Una jicho kali." Hata ukinitaja, atakayekuwa mbele yake ni wewe. Kamba zangu umekwisha kuwapa "sisi sote." Nakuonea wivu, Chiriku. Naona wivu mpaka chakula hakipiti. Naona wivu mama anapoiweka barua yako chini ya mto. Nimeyaandika nione kama yatanitoka, wala hayatoki.

(Haikutumwa.)


Nyumbani, 28 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, ya mama nimempa. Plasta imetolewa jana. Mguu umekonda, anauita mguu wa jirani. Daktari anasema atahitaji mkongojo hadi mwezi wa tano, kwa hiyo nipo huku bado.

Hongera kwa kuwaeleza kamati. Ulifanya sawa.

Kuhusu Karani wa Posta, jalada lake sikuwahi kulifikia. Sina la kukuzuia. Endelea kama mlivyofanya kwa wengine.

Dada yako,
Miwani


Chumba cha Kadi, 9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Asante kwa kunijibu upesi. Nimeanza! Leo nimefika fungu la kumi na mbili. Navunja, nachanganya, napanga, meza yote imejaa mpaka mpiga chapa anapita kwa ubavu.

Dada, ungekuwepo. Huyu Karani alikuwa na roho. Wenzake walinakili hotuba na matangazo, yeye kanakili watu. Sikiliza hii: "Viatu ulivyoniletea vinabana lakini navivaa." Na hii: "Mwambie sikumkasirikia, nilikuwa na njaa." Barua zote hizo hazikufika kwa wenyewe, hebu fikiria! Nasoma kwa sauti, wenzangu wamechoka, wananiambia nikuandikie wewe kuliko kuwasumbua wao.

Mhariri aliniita ofisini kwake nikanywa chai. Kikombe chenye kisahani! Alikuwa ananiuliza habari zako tu, mama, mguu, tarehe. Mimi nikajibu ninachokijua. Nikaona nimjaze na sifa zako kidogo, si vibaya.

Halafu kuna jambo ninakutayarishia. Usiniulize. Ukirudi utalikuta, na utanikumbatia, wewe usiyekumbatia watu.

Chiriku wako


Nyumbani, 17 Machi

Chiriku,

Umefika fungu la ngapi?

Usiende mbio sana. Kama kuna mafungu hujayagusa, yaache hivyohivyo mpaka nirudi. Sina sababu, basi tu. Umefanya kazi sana, pumzika. Shika droo nyingine.

Mama ametembea hadi mlangoni na kurudi. Alipokaa akauliza kwa nini nimekonda mimi wakati aliyevunjika mguu ni yeye. Nikamwambia ni joto.

Nijibu hiyo ya mafungu.

Miwani


Chumba cha Kadi, 8 Aprili

Dada Miwani,

Sijui nianzie wapi, na wewe unajua mimi hilo halijawahi kuwa tatizo langu.

Barua yako ya kuniambia nipumzike ilinikuta nimemaliza siku nne zilizopita. Niliisoma nikalia kwa jinsi unavyonijali. Ningejua ningekusikiliza kabla hujaandika.

Jumanne Mhariri alikuwa anaandika dibaji, akataka kusema maneno mawili juu ya kila mchangiaji. Akachukua jalada la Karani wa Posta. Ndani kuna barua ya penseli. Dada, kila fungu lilikuwa mwaka! Namba za mikanda zilikuwa miaka, tangu alipoajiriwa mpaka alipostaafu, na kwenye kadi hakuandika kwa kuwa aliona inatosha. Miaka thelathini na moja ya barua, na mimi nimeichanganya kama karata. Kadi elfu nne na mia mbili. Mhariri anasema ndizo zilikuwa kadi bora kuliko zote tulizonazo, kwa sababu watu wa kawaida wakiandikiana hutumia neno miaka mingi kabla halijaingia vitabuni. Sasa hazitafaa kitu, labda kwa kufurahisha.

Alikuja chumbani na ile barua mkononi. Akafungua droo, akatoa kadi, akaigeuza. Akatoa nyingine, akaigeuza. Hakuniangalia mimi. Alisema, "Namba tatu." Akakaa kwenye kiti chochote kilichokuwa karibu.

Namba yako. Hilo ndilo jambo nililokuwa nakutayarishia. Kanuni unaijua, mwanafunzi ambaye mhuri wake hauonekani kwenye kadi muhula mzima anafutwa kwenye orodha, na aliyefutwa hawezi kuchaguliwa. Wewe ulikuwa huna hata kadi moja ya muhula huu. Nikaona haiwezekani. Nikachukua mhuri wako, nikasema nitampa dada kazi nzuri kuliko zote, na mafungu ya Karani yalikuwa mazuri kuliko yote. Nikagonga zote tatu, tatu, tatu. Nilijiona mjanja sana.

Nilimkimbilia Mhariri hadi ofisini nikamwambia ni mimi. Mimi niliyevunja, mimi niliyegonga. Mwanzoni alidhani nakukingia kifua. Nikamwonyesha mwandiko wangu wa penseli pembeni mwa kadi, akaamini. Nikamwambia pia kwamba nilikuuliza, na kwamba wewe jalada hukuwahi kulifikia, ulinijibu kwa nia njema, usije ukaguswa na hili. Mtu asikuambie vingine. Kosa ni langu peke yangu, ningeinuka kwenye kiti nilisome jalada mwenyewe, hatua kumi tu.

Kugonga mhuri wa mwenzako ni udanganyifu. Nimeondolewa kwenye kamusi, na barua imekwenda kwa mkuu wa idara. Huenda nikasimamishwa na masomo. Baba yangu sijamwandikia bado.

Nisamehe dada. Nilitaka kukuwekea nafasi yako, nikakutia doa.

Chiriku


Ofisi ya Mhariri, 10 Aprili

Binti yangu,

Natumaini mama yako anapata nafuu.

Utakuwa umekwisha kusikia yaliyotokea kwenye kadi za Karani wa Posta. Mwenzako amekiri yote mawili, na ameniambia kwamba wewe jalada lile hukuwa umelifikia. Nimelikubali hilo. Jina lako halina kasoro.

Nakuandikia kwa jambo jingine. Mimi si hodari wa kusifu watu. Kwa miaka miwili nimekuona ukianika kadi, ukishona mafaili, ukisoma mpaka kengele ya kufunga, na sikuwahi kukwambia kitu kwa kuwa niliona huhitaji kuambiwa. Mtu anayejua kazi yake huwa namwacha aifanye. Huyu mdogo nilikuwa namsifu kwa sababu alikuwa anaogopa. Nafasi ya msaidizi niliitenga kwa ajili yako tangu mwaka jana. Ndiyo maana kila wiki nilikuwa namuuliza unarudi lini.

Sasa naiandika rasmi. Nafasi ni yako. Nijibu kama unaikubali, ili niifikishe kwenye kamati kabla ya tarehe thelathini.

Mhariri


Nyumbani, 18 Aprili

Kwa Mhariri,

Shikamoo mama.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Maneno yaliyomo nimeyatamani miaka miwili. Nakuomba usome haya mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jalada la Karani wa Posta nililisoma tarehe kumi na moja Januari, siku mbili kabla ya kuondoka. Barua ya penseli niliiona. Nilijua kwamba kila fungu ni mwaka. Mwenzangu aliponiuliza, aliniuliza vizuri, kwa maandishi, na akasema hatagusa mpaka nimjibu. Nilimjibu kwamba jalada sikulifikia na kwamba aendelee. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia barua ya kweli. Sikuituma. Naiambatanisha hapa pamoja na barua yake ya tarehe ishirini Februari, ili usidhani ninamkingia kifua, maana nimesikia ndivyo ulivyomdhania yeye.

Sababu yangu si ya heshima. Nilimwonea wivu. Alikalia kiti changu, akapewa neno moja zuri na wewe, akapelekwa kwenye kamati, na hata mama yangu mzazi anazichekea barua zake na kumngoja. Niliona kila alichopewa kimetoka mfukoni mwangu. Nilitaka akosee. Sikuwaza kadi, sikuwaza wale watu wa barua, niliwaza uso wake siku atakapoambiwa amekosea. Alipokuwa fungu la kumi na mbili nilikuwa bado na nafasi ya kumzuia kwa mistari miwili. Nikaandika mistari ya kuzungukazunguka, nikaituma ikiwa imechelewa, nikajiambia nimejaribu.

Wakati huohuo yeye alikuwa anagonga namba yangu kwenye kazi yake nisije nikafutwa. Mimi nisingemfanyia hivyo. Nimejichunguza, nisingemfanyia.

Nafasi siwezi kuichukua. Adhabu aliyopewa naomba uiondoe, au kama lazima imkute mtu, ije huku. Yeye nimemwandikia leo, nimemwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Mama yangu pia nimemwambia. Tangu asubuhi, nikiingia chumba alichomo anachukua mkongojo wake anahamia kingine.

Wako,
Miwani


Chumba cha Kadi, 2 Mei

Miwani,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja tu.

Mhariri amenirudisha, na idara imeifuta ile barua ya kunishtaki. Nafasi hakuna aliyepewa. Tumeanza kupitia kadi za Karani upya, wote sita, tukitafuta chochote kitakachotupa mwaka: bei ya kitu, jina la mkuu wa wilaya, mafuriko, harusi. Kwa wiki moja tumepata mwaka wa kadi kumi na tisa.

Mama ameniandikia mwenyewe. Nimemjibu.

Mhariri ameniuliza kama ukirudi ninakubali tukae chumba kimoja. Nimemwambia sijui. Unajua kwamba nina maneno mengi, na nilianza kukuandikia mara kadhaa, lakini kila nikifika mstari wa pili nakuta yule dada niliyekuwa namwandikia hayupo. Siku nikiweza nitaandika barua ndefu. Leo siwezi.

Chiriku